Urahisi wa Programu za Simu na Tovuti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa na watu wa aina tatu: wenye biashara wanaotaka kutengenezewa programu, vijana wanaoandika kodi za kompyuta, na wanafunzi wa usanifu. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko kazi zetu ziliko, lakini msomaji wa Nairobi au Bujumbura ataitambua.

Inakuwaje programu nyingine mtu anaielewa papo hapo bila kufundishwa?

Alishafundishwa, ila na programu nyingine. Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh pale Apple, aliandika mwaka 1994 kwamba tukiisifu programu kuwa inaeleweka yenyewe, tunachosema hasa ni kwamba inafanana na kitu tulichokwisha kukizoea.

Ukitaka kuhakikisha, chukua simu yako sasa hivi. Fungua sehemu ya kupigia namba, utaona 1 2 3 ziko juu. Fungua kikokotoo, 7 8 9 ndizo ziko juu. Mipangilio hiyo miwili imegeuzana ndani ya simu moja na hujawahi kulalamika. Ule wa kupigia ulichaguliwa na wataalamu wa Bell Labs huko Marekani baada ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 1960. Wa kikokotoo umerithiwa kutoka mashine za mahesabu. Kila mmoja unaonekana wa kawaida mahali pake kwa sababu ndipo ulipokutana nao.

Jakob Nielsen, Mdenmaki aliyetumia maisha yake kuchunguza mambo haya, ana kauli ambayo kila mteja wetu huisikia siku ya kwanza: watu hutumia muda wao mwingi kwenye tovuti za wengine, si kwenye yako. Huko ndiko wanakojifunza, na wanatarajia yako ifanye kazi vivyo hivyo.

Basi hakuna kabisa kinachoeleweka na kila binadamu?

Kipo, lakini kidogo. Vitu vilivyokaribiana huonekana ni vya kundi moja. Kikubwa huonwa kabla ya kidogo. Kinachochezacheza huvuta jicho hata usipotaka, na watu wa matangazo wanalijua hilo vizuri mno. Yaliyobaki karibu yote ni ya kujifunza.

Kama ni mazoea, nifuate mazoea ya nani?

Ya mtu atakayetumia, na hapa ndipo kazi nyingi za kwetu zinapoharibika. Kijana anayetengeneza programu Dar es Salaam amejifunza kwa kutazama programu za Marekani. Mteja wake amejifunza kwa kupiga *150*00#, namba ya menyu ya M-Pesa ya Vodacom. Watu wengi sana wa ukanda huu walianza na menyu ya namba kwenye kitochi, muda mrefu kabla hawajagusa simu janja. Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya mtandao na mtandao, lakini nguzo ni zilezile: unamtumia nani, kiasi gani, namba ya siri, jina la anayepokea, kisha ujumbe wa uthibitisho.

Chukua nguzo mbili za mwisho. Mtu amezoea kuliona jina la anayepokea kabla pesa haijaondoka. Programu ya malipo inayomwonyesha namba tupu inamtia wasiwasi, na ana haki, maana tarakimu moja ikikosewa pesa imeenda kwa mgeni. Ujumbe nao usiuchukulie kama mapambo. Simama dukani utazame: mnunuzi hajioni amelipa mpaka simu iite, na muuzaji haachii mzigo mpaka yake nayo iite. Kuna programu zinazoonyesha alama kubwa ya kijani ya tiki na basi. Mnunuzi anaigeuza simu kumwonyesha muuzaji, muuzaji anatikisa kichwa, wote wawili wanabaki wanatazamana. Wanachokitaka ni kiasi, jina, tarehe, salio na namba ya kumbukumbu, kwa maandishi, mahali ambapo hayatafutika.

M-Pesa yenyewe ilifika hapo kwa kufuata watu. Majaribio yaliyoanza Kenya Oktoba 2005 yalilenga wakopaji wa taasisi ya Faulu warejeshe mikopo yao kwa simu. Wakopaji wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Safaricom ilipoizindua rasmi Machi 2007, habari ya marejesho ya mikopo iliwekwa kando na huduma ikabaki na mambo machache tu: kuweka, kutuma, kutoa, na kununua muda wa maongezi. Mwaka uliofuata Vodacom wakaileta Tanzania. Ningependa kila mwenye biashara anayetuletea orodha ya vipengele arobaini aisikie habari hiyo kabla hajakaa.

Je, nitumie alama peke yake bila maandishi? Zinapendeza zaidi.

Zinampendeza aliyezichora. Ile mistari mitatu ya menyu ilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, na hadi leo ukimpa mtu simu ukamwambia afungue menyu, wapo watakaokuuliza iko wapi. Alama ya kuhifadhi ni diski ambayo kijana wa miaka ishirini hajawahi kuishika. Alama zinazoeleweka bila maneno ni chache: kioo cha kukuzia kwa kutafuta, nyumba kwa ukurasa wa mwanzo, simu kwa kupiga. Nyingine zote ziandikie neno chini yake.

Kitufe kiwe na ukubwa gani?

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa kukifikia kitu hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Kikiwa mbali na kidogo, unachelewa na unakosea. Google hupendekeza eneo la kugusa kwenye Android lisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha Android cha vitu vya kwenye kioo), yaani kama milimita 9 kwa kila upande. Apple wao husema pointi 44, kwa kipimo chao wenyewe. Alama inayoonekana inaweza kuwa ndogo kuliko hapo, mradi eneo linalopokea kidole ni kubwa.

Hizo ni namba za maabara. Mtaani kuna kioo kilichopasuka, protekta iliyoanza kubanduka pembeni, na abiria wa daladala aliyeshika bomba kwa mkono mmoja huku kidole gumba cha mkono wa pili ndicho kinachofanya kila kitu. Kazi kuu iweke chini ya kioo, ambako kidole gumba kinafika. "Futa" na "Hifadhi" visikae ubavu kwa ubavu.

Kwa nini wateja wangu wanabonyeza "Lipa" mara mbili?

Kwa sababu mara ya kwanza hawakujibiwa. Mtafiti Robert Miller aliligusa suala hili mwaka 1968 na Nielsen akalieleza upya mwaka 1993: jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huhisi ameligusa jambo lenyewe, ndani ya sekunde 1 mawazo yake hayakatiki, zikipita sekunde 10 ameshahamia kwingine. Hizo ni tabia za akili, hazibadiliki kwa kuwa intaneti yako ni ya 3G.

Huwezi kuharakisha mtandao, lakini unaweza kujibu. Kitufe kibadilike rangi palepale kinapoguswa, kisibonyezeke tena, na kisomeke "Inatuma…". Ikichelewa, mwambie ukweli: "Ombi lako limepokelewa. Tunasubiri jibu la mtandao. Usilipe tena." Kile kiduara kinachozunguka bila maelezo ni mwaliko wa kuzima simu na kuwasha. Na huko nyuma, kwenye seva, hakikisha ombi moja likifika mara mbili linahesabiwa moja. Hilo ni jukumu la mtengenezaji, mteja asiombwe uvumilivu.

Fomu yetu ya kujisajili watu wanaiacha katikati. Tatizo ni nini?

Bila kuiona nitakisia, na mara nyingi nakisia sawa.

Namba ya simu. Mmoja ataandika 0712, mwingine 255712, mwingine +255 712 na nafasi katikati. Zote ni sahihi. Fomu inayokataa mbili kati ya hizo kwa maandishi mekundu inamgombeza mtu asiye na kosa. Kuondoa nafasi na kubadili sifuri kuwa 255 ni mistari michache ya kodi.

Majina. Kuna wenye majina matatu, kuna wenye mawili, na kuna ambao jina wanalolitambua ni moja na la baba. Kama huna sababu ya kisheria ya kuyatenganisha, weka kisanduku kimoja: "Jina kamili".

Anwani. Postikodi zipo Tanzania, lakini muulize jirani yako ya kwake ni ipi. Ukiilazimisha, utapata 00000 na 12345. Kama unapeleka mzigo, uliza mtaa na alama ya karibu, "nyuma ya msikiti, geti la bluu", kwa kuwa ndivyo bodaboda atakavyopata nyumba.

Tarehe ya kuzaliwa. Hii huniuma zaidi. Kinafunguka kijikalenda kizuri kikionyesha mwezi huu. Mzee wa mwaka 1958 anagusa mshale wa kurudi nyuma: mwezi uliopita. Anagusa tena. Ili afike mwaka wake kwa njia hiyo atagusa zaidi ya mara 800. Kuna njia ya mkato, kugusa mwaka ulioandikwa pale juu, lakini hakuna kinachomwambia kwamba maandishi yale yanagusika. Mpe visanduku vitatu aandike: siku, mwezi, mwaka.

Na mara nyingi hata hivyo visanduku havihitajiki. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, cha NIDA, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye nacho: mwaka, mwezi, siku. Nimeona fomu zinazoomba namba hiyo, kisha zinaomba tarehe ya kuzaliwa, kisha umri. Mara tatu, jambo lilelile! Larry Tesler, aliyefanya kazi Xerox na baadaye Apple, alikuwa akisema kila kazi ina kiasi cha ugumu kisichoondoka. Kinachobaki kuamuliwa ni nani ataubeba, mtengenezaji kwa wiki moja au watumiaji wote kwa dakika moja moja kila siku. Fomu ndiyo mahali pa kuliona hilo waziwazi.

Jambo la mwisho kuhusu fomu: yale maandishi ya kijivu ndani ya kisanduku yanayopotea ukianza kuandika yasiwe ndiyo jina la kisanduku. Mtu akiitwa kidogo, akarudi, hajui tena alikuwa anajaza nini.

Saa tuiandike vipi?

Swali zuri, na wengi hawaliulizi mpaka abiria aachwe na basi. Tiketi ikiandikwa "12:00" kwa basi la alfajiri, kwa mzungumzaji wa Kiswahili hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi, jua linachomoza. Simu yake inaisoma kama adhuhuri. Mfumo ukiandika "06:00", kuna bibi atakayesoma saa sita na kufika stendi mchana. Andika zote mbili: "saa 12 asubuhi (06:00)". Inachukua nafasi, ndiyo. Toa nembo ya kampuni, nafasi itapatikana.

Ujumbe wa kosa mzuri unakuwaje?

Useme kilichotokea, pesa au kazi ya mtu iko wapi, na afanye nini. Linganisha hizi mbili, zote kwa tukio moja:

"Hitilafu 500. Jaribu tena baadaye."

"Malipo hayajakamilika. Pesa yako haijakatwa. Jaribu tena baada ya dakika chache."

Ya pili inajibu swali la pekee alilonalo mtu moyoni mwake. Kama hujui pesa imekatwa au la, sema hivyo na useme utamjulisha lini.

Bora zaidi ni kosa linaloweza kurudishwa. Mtu anayejua kuna "Rudisha" hujaribu vitu; asiyejua hukaa kwenye kona mbili anazozifahamu na kumwachia mtoto au wakala mengine yote. Ukiona mtu mzima anampa wakala simu pamoja na namba yake ya siri, usikimbilie kusema hana elimu ya usalama. Tazama kwanza ile menyu inavyomtisha.

Tukitafsiri kila kitu kwa Kiswahili, imetosha?

Hapana, ila ni mwanzo. Kazi hii ina historia: mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, na walilazimika kuamua mamia ya istilahi. Kwa programu ya biashara huhitaji istilahi nyingi. Vitufe viandike kama wakala anavyosema kaunta: "Tuma pesa", "Toa pesa", "Nunua bando", "Angalia salio". Pima pia upana, maana Kiswahili hurefuka kuliko Kiingereza na kitufe kilichochorewa neno fupi kitakata maneno katikati. Kama watumiaji wako wako Mombasa, Mwanza na Bukavu, wasomee watu wa kila mahali maneno yako kabla ya kuchapisha.

Tumebadilisha muonekano ukawa bora, lakini wateja wanataka wa zamani. Tufanyeje?

Ubora mnaouona nyinyi wao hawajauona. Walichokiona ni kwamba vitu havipo mahali pake. Microsoft waliondoa kitufe cha Start kwenye Windows 8 mwaka 2012, na mwaka 2013 wakakirudisha katika 8.1. Snapchat walipobadilisha mpangilio wao mwanzoni mwa 2018, watu zaidi ya milioni moja walitia saini ombi la kutaka wa zamani. Badilisha kipande kwa kipande, na kile kinachotumika kila siku kiguse mwisho kabisa.

Nitajuaje kama programu yangu ni rahisi? Marafiki wote wanaisifu.

Marafiki waache. Tafuta watu watano wanaofanana na wateja wako. Nielsen na mtafiti mwenzake Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba, kwa wastani wa miradi waliyoichambua, watano hutosha kufichua kama asilimia 85 ya matatizo. Rekebisha, kisha tafuta watano wengine.

Namna ya kufanya: mpe simu, tena iwe simu ya bei ya chini inayofanana na yake. Mpe kazi, usimpe maelekezo. Kama kitufe kimeandikwa "Tuma pesa", wewe usiseme "tuma pesa", sema, "Mama, mdogo wako yuko Morogoro anahitaji elfu kumi, mfikishie." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Mtengenezaji akiwa karibu hujikuta ananyoosha kidole, kwa hiyo mweke nyuma, na ikibidi mpe kalamu aandike.

Katika jaribio moja Kariakoo, kwa programu ya kuagiza mzigo, muuza vitenge alijaza kila kisanduku vizuri kabisa kisha akaiweka simu juu ya meza. Tukasubiri. Naye anasubiri. Kitufe cha "Endelea" kilikuwa kimefunikwa na kibodi, kwake hakikuwepo. Alidhani kazi imeisha na mtandao ndio unasumbua. Tulipomuuliza kinachoendelea alisema, "Samahani mwanangu, mimi na hizi simu hatuelewani." Utalisikia hilo sana. Don Norman, mtaalamu wa usanifu wa Marekani, ameandika kwa miaka mingi jinsi watu wanavyojilaumu kwa makosa ya vitu walivyopewa, na ndiyo sababu ya kuwatazama wanachofanya kuliko kuwauliza wameionaje. Ukiwauliza watasema nzuri, hasa kama umewapa soda.

Je, kuna jambo lisilopaswa kuwa rahisi?

Yapo. Kutuma kiasi kikubwa kwa namba mpya kuwe na kituo cha kusoma jina na kiasi. Kufuta akaunti kuthibitishwe. Kukopa nako, kwa maoni yangu, kungefaa kupunguzwe mwendo. Kuna programu za mikopo ambazo kupata pesa ni kugusa mara mbili, riba iko ukurasa wa nne, na ruhusa ya kusoma majina yote ya simu yako imechomekwa katikati. Kenya ilianza kuwataka wakopeshaji hao wawe na leseni ya Benki Kuu kupitia kanuni za mwaka 2022. Harry Brignull wa Uingereza amekuwa akizikusanya hila za namna hii tangu 2010. Moja ya kawaida: kujiunga na huduma ni kugusa mara moja, kujitoa ni kutafuta namba ya huduma kwa wateja.

Na wenye uoni hafifu?

Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe yaondoe. Kiwango cha kimataifa ni utofauti wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake, na hapo bado hujatoka nje kwenye jua la saa saba. Android ina TalkBack, inayosoma kioo kwa sauti. Iwashe, fumba macho, jaribu kulipa. Pia kuna wengi walioongeza ukubwa wa herufi kwenye simu zao, hivyo programu isivunjike herufi zikikua.

Simu za kitochi bado nizifikirie?

Kama unauza kwa umma, ndiyo. Ukurasa mmoja wa USSD, yaani zile menyu za kupiga nyota na namba, unachukua herufi 182 tu, pamoja na nafasi, na muda ukiisha kikao kinakatika mtu anaanza upya. Kwa hiyo fupisha salamu, weka kinachotumika zaidi kuwa namba 1, na usiulize kitu ambacho laini yake tayari inakuambia. Halafu namba zisihamishwe. Watu hawasomi menyu wanayoitumia kila siku. Wameshika kwa kichwa kwamba ni 1, kisha 1, kisha namba. Ukiingiza promosheni yako pale kwenye 1, wiki nzima huduma kwa wateja watapokea simu za watu walionunua kitu wasichokitaka.